Wafanyabiashara wadogo, jihadharini na barua za 'Facebook' bandia

* Ukurasa wa biashara ni kibao cha duka, na matapeli wanakisaka kwa udi na uvumba
* Kinga kubwa ni moja: usiingie katika akaunti yako kupitia barua uliyotumiwa

KIGOMBE ni kijiji cha pwani kilichopo Wilaya ya Muheza, kando ya barabara inayotoka Tanga mjini kwenda Pangani. Riziki ya wakazi wake inatoka baharini na shambani. Wapo wavuvi wa samaki na pweza, wachuuzi wa dagaa, wenye minazi, wakulima wa muhogo na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Kwa miaka mingi biashara ya mazao hayo ilifanyika ana kwa ana. Mnunuzi alifika pwani, akauona mzigo, wakapatana bei, na fedha zikatoka mfukoni.

Hali hiyo imebadilika. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008 na kufuatiwa na huduma nyingine za kutuma fedha kwa simu. Baadaye simu zenye intaneti zilishuka bei na kuwafikia hata wachuuzi wa sokoni. Leo mwenye gunia la dagaa pwani ya Tanga anaweza kupiga picha mzigo wake, akauweka katika ukurasa wa Facebook au Instagram, na akapigiwa simu na mnunuzi wa Arusha, Moshi au Dar es Salaam ambaye hajawahi kukanyaga Kigombe. Fedha hutumwa kwa simu, mzigo hupakiwa kwenye basi, na pande zote mbili hubaki zimeridhika.

Biashara ya namna hiyo inasimama juu ya kitu kimoja tu, nacho ni kuaminiana. Mnunuzi aliyeko Moshi haoni dagaa wala hamwoni mwenye dagaa. Anachokiona ni jina la ukurasa, picha za mizigo ya nyuma na maneno ya wateja waliotangulia. Kwa hiyo anayefanikiwa kuuteka ukurasa huo anakuwa ameiba kitu kikubwa kuliko simu. Ameiba jina la mtu, na jina ndilo linalomfanya mnunuzi atume fedha.

Njia mojawapo inayotumiwa sana na matapeli kuteka kurasa hizo ni barua pepe inayojifanya imetoka Facebook, Instagram au mtandao mwingine wa kijamii.

Barua yenyewe ikoje?

Barua hizo zina sura nyingi, lakini maudhui yake yanafanana. Ya kwanza inasema kuwa ukurasa wako umevunja kanuni za mtandao, kwa mfano umetumia picha ya mtu mwingine bila ruhusa, na kwamba utafungwa ndani ya saa 24 usipokata rufaa. Ya pili inadai kuwa kuna mtu amejaribu kuingia katika akaunti yako kutoka nchi ya mbali, na inakutaka uthibitishe kuwa wewe ndiye mwenyewe. Ya tatu inakupongeza kwamba ukurasa wako umechaguliwa kupewa alama ya buluu ya uthibitisho. Ya nne inakueleza kuwa kuna rafiki amekutaja au amekutumia ujumbe ambao bado hujausoma.

Zote zina nembo ya mtandao husika, rangi zake, na hata maandishi madogo ya chini yenye jina la kampuni. Zote pia zina kitufe au maandishi ya buluu ya kubonyeza, kile ambacho vijana wanakiita linki. Ukibonyeza unapelekwa katika ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia Facebook. Hapo unatakiwa kuandika namba yako ya simu au barua pepe na neno lako la siri.

Ukishaandika, ukurasa unaweza kukuambia kuwa umekosea na ujaribu tena, au ukakupeleka katika Facebook yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini neno la siri limekwisha kumfikia tapeli.

Waingereza wanauita utapeli huu kwa neno linalotamkwa sawasawa na neno lao la uvuvi, wakabadilisha herufi ya mwanzo tu. Wavuvi wa Kigombe hawahitaji kuelezwa zaidi. Mvuvi hamfukuzi samaki bahari nzima. Anatega ndoano yenye chambo na kumsubiri samaki aje mwenyewe. Chambo cha barua hizi ni hofu ya kupoteza ukurasa, au tamaa ya kupewa kitu.

Mtego wa zamani

Utapeli wa aina hii si wa jana wala juzi. Oktoba 2009, wakati Facebook ikiwa imefunguliwa kwa watu wote kwa miaka mitatu tu, watumiaji wake sehemu mbalimbali za dunia walipokea barua pepe zilizosema kuwa maneno yao ya siri yamebadilishwa kwa sababu za usalama, na kwamba neno jipya limo katika faili lililoambatishwa. Aliyefungua faili hilo hakukuta neno la siri. Alikuwa ameingiza katika kompyuta yake programu haribifu iliyojulikana kwa jina la Bredolab, ambayo iliwawezesha wahalifu kuitumia kompyuta hiyo kutoka mbali bila mwenyewe kujua.

Oktoba 2010 polisi wa Uholanzi walitangaza kuuvunja mtandao huo baada ya kuzinasa seva 143. Mtu aliyekuwa nyuma yake alikamatwa Armenia, na mwaka 2012 mahakama ya nchi hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka minne. Mwezi Septemba mwaka huohuo wa 2010 zilisambaa barua nyingine zilizojifanya mialiko ya LinkedIn, mtandao unaotumiwa na watu wa maofisini. Zenyewe zilibeba programu ya kuiba maneno ya siri ya akaunti za benki.

Wakati ule mkulima wa Muheza angeweza kusema kuwa mambo hayo hayamhusu. Wachache walikuwa na kompyuta, na waliotaka kusoma barua pepe walikwenda kulipia dakika katika vibanda vya intaneti mjini. Sasa intaneti imo mfukoni, na pamoja nayo imekuja barua ya tapeli.

Tapeli anataka nini kwa mchuuzi wa dagaa?

Wapo wanaodhani kuwa tapeli hawezi kuhangaika na mtu mdogo. Dhana hiyo ni ya hatari. Tapeli hachagui mtu. Anatuma barua kwa maelfu kwa wakati mmoja, na gharama yake ni ndogo. Wakinaswa wachache tu, amepata faida.

Tuchukue mfano. Tuseme mchuuzi mmoja ana ukurasa wenye wafuasi 3,000, na kwa kawaida huwataka wateja wa mbali watangulize nusu ya fedha kabla mzigo haujapakiwa. Tapeli akiingia katika ukurasa huo, jambo la kwanza ni kubadili neno la siri, namba ya simu na barua pepe ili mwenye ukurasa asiweze kurudi. Jambo la pili ni kuweka tangazo: dagaa wamepatikana kwa wingi, bei imeshuka, anayetaka awahi kutanguliza fedha, na namba ya kulipia imebadilika.

Wateja kumi wakituma Sh 60,000 kila mmoja, tapeli ameondoka na Sh 600,000 kabla ya jua kuzama. Wateja hao hawamjui tapeli. Wanayemjua ni mchuuzi wa Kigombe, na madai yao yatakwenda kwake. Hata akifanikiwa kueleza kuwa hakuhusika, wengine hawatarudi tena.

Hali ni hiyohiyo kwa mazao mengine. Katika biashara ya machungwa ya Muheza, kwa mfano, si ajabu mnunuzi kutanguliza fedha matunda yakiwa bado mtini. Panapokuwa na utaratibu wa kutanguliza fedha, tapeli anakuwa na mahali pa kujipenyeza.

Aidha, akaunti iliyotekwa hutumika kuwaomba mikopo ndugu na marafiki kwa jina la mwenyewe, kutangaza miradi ya uongo ya kuvuna fedha, au kuuzwa kwa tapeli mwingine. Kama mwenye ukurasa alikuwa ameunganisha kadi ya benki kwa ajili ya kulipia matangazo, kadi hiyo inaweza kukatwa fedha kwa matangazo asiyoyajua.

Wala si wadogo pekee wanaoathirika. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania katika mtandao wa X iliingiliwa na watu wasiohusika, wakaitumia kusambaza habari za uongo. Kama chombo kama hicho kinaweza kuchezewa jina, mchuuzi hana sababu ya kujiona yuko salama.

Soma anuani kutoka mwisho

Zamani ilikuwa rahisi kuzitambua barua hizi kwa lugha yake mbovu. Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, au barua nzima iliandikwa kwa Kiingereza kilichojaa makosa. Leo programu za kutafsiri na akili mnemba zinaweza kuandika Kiswahili kinachosomeka vizuri. Kwa hiyo lugha safi si ushahidi kwamba barua ni ya kweli.

Kitu kinachofaa kuangaliwa ni anuani ya mahali unapopelekwa. Siri yake ni kuisoma kutoka mwisho, kama inavyosomwa anuani ya mahali. Mtu akikuandikia 'Kigombe, Muheza, Tanga' unajua kuwa neno kubwa liko mwishoni: ni Kigombe iliyo ndani ya Muheza, ambayo iko ndani ya Tanga. Akikuandikia 'Kigombe, Muheza, Mombasa' utashituka, hata kama maneno mawili ya mwanzo ni sahihi.

Anuani za intaneti nazo ziko hivyo. Tazama sehemu inayoishia kwenye mstari wa kwanza wa mshazari, kisha chukua maneno mawili ya mwisho yaliyotenganishwa na nukta. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomtaja mwenye nyumba. Katika anuani 'www.facebook.com' mwenye nyumba ni facebook.com. Lakini katika anuani ya mfano 'facebook.com.hakiki-ukurasa.info' mwenye nyumba ni hakiki-ukurasa.info, na neno Facebook limebandikwa mbele kama kibao cha kuazima.

Matapeli wengine hubadili herufi moja tu, mathalani kuweka sifuri mahali pa herufi 'o', au kuweka 'r' na 'n' zikiwa zimebanana ili zionekane kama 'm'. Katika kioo kidogo cha simu, tena juani, macho hayawezi kuona tofauti hiyo kwa urahisi.

Jambo jingine ni anuani ya mtumaji. Jina linaloonekana juu ya barua linaweza kuandikwa lolote. Mtu yeyote anaweza kujiita 'Usalama wa Facebook'. Inabidi ubonyeze jina hilo ili uione anuani kamili. Barua nyingi halali za Facebook hutoka katika anuani inayoishia na facebookmail.com. Ikiwa barua ya onyo inatoka katika anuani ya Gmail au ya kampuni usiyoijua, ifute.

Hata anuani sahihi haitoshi

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mfanyabiashara hana budi kulijua. Novemba 2025 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Check Point ilieleza kuwa imebaini barua za kitapeli zaidi ya 40,000 zilizotumwa kupitia huduma halali ya Facebook yenyewe. Matapeli walifungua kurasa za biashara, wakazipa majina na nembo za kufanana na za Facebook, kisha wakatumia kitufe cha kualika watu ili kusambaza barua zao. Mwaliko ulitoka kweli katika anuani ya facebookmail.com. Kilichokuwa cha uongo ni maneno yaliyokuwa ndani yake na mahali ulipopelekwa ukibonyeza.

Maana yake ni kwamba kazi ya kupima kama barua ni halali au bandia si kazi ya kutegemea. Siku moja utachoka, utakuwa na haraka ya kuwahi mnada wa samaki, na jicho litakupita. Kinga iliyo imara ni ile isiyohitaji ujuzi wa kutambua, nayo ni hii: usiingie kamwe katika akaunti yako kupitia barua uliyotumiwa, iwe ya kweli au ya uongo.

Ukipata barua inayosema ukurasa wako una tatizo, ifunge. Kisha fungua programu ya Facebook iliyomo katika simu yako kama unavyofanya siku zote, au andika mwenyewe anuani ya facebook.com. Kama kuna tatizo la kweli, utalikuta limeandikwa humo ndani. Kama hulioni, barua hiyo ni ya kutupwa.

Zaidi ya hapo, Facebook ina sehemu katika mipangilio, chini ya mambo ya neno la siri na usalama, inayoonyesha orodha ya barua pepe za usalama ilizokutumia hivi karibuni. Instagram nayo iliweka sehemu kama hiyo mwaka 2019. Barua iliyokujia isipokuwemo katika orodha hiyo, usiishughulikie. Na kwa kuwa tumeona kuwa hata huduma halali inaweza kutumiwa vibaya, barua iliyomo nayo usibonyeze kitu ndani yake. Malizia shughuli zako ndani ya programu.

Vilevile, Facebook haina haja ya kukuuliza neno la siri kwa barua au kwa ujumbe. Anayekuuliza anataka kuingia kwako.

Ufunguo mkuu uko kwa nani?

Lipo tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana. Simu nyingi zinazotumia Android haziwezi kupakua programu dukani mpaka ziwe na akaunti ya Google, yaani anuani ya Gmail. Mtu anaponunua simu, mara nyingi muuzaji au fundi ndiye anayemfungulia akaunti hiyo palepale dukani, analichagua neno la siri, na mteja anaondoka akiwa na furaha ya kupata WhatsApp. Miaka inapita bila mwenye simu kujua anuani yake ni ipi.

Ni sawa na kumwachia fundi seremala ufunguo wa akiba wa nyumba. Si lazima fundi awe mwizi, lakini anuani hiyo ya barua pepe ndiyo inayopokea barua za kubadilisha neno la siri la Facebook, Instagram na huduma nyingine. Anayeishika anaweza kubadili maneno mengine yote, moja baada ya jingine. Kwa sababu hiyo neno la siri la barua pepe ndilo la kulindwa kuliko yote.

Mwenye simu ya namna hiyo aende katika mipangilio ya simu, sehemu ya Google, aitazame anuani yake na kuiandika mahali salama. Kisha abadili neno la siri yeye mwenyewe. Liwe refu, lisiwe jina lake, jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, na lisiwe lilelile la Facebook. Maneno manne yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha. Kuliandika katika daftari linalofungiwa ndani si kosa. Kosa ni kulihifadhi kama ujumbe ndani ya simu hiyohiyo, au kumwambia kijana wa kibandani.

Namba za simu nazo ziangaliwe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Kama akaunti yako ya Facebook bado ina namba uliyoiacha, mwenye namba mpya anaweza kupokea ujumbe wa kukufungulia mlango. Ondoa namba ya zamani na uweke unayoitumia. Kwa kupiga *106# mtu anaweza pia kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, na akikuta asiyoijua aende kwa mtoa huduma ikafungwe.

Komeo la pili mlangoni

Facebook, Instagram, Google na WhatsApp zote zina utaratibu unaoitwa uthibitishaji wa hatua mbili. Ukiuwasha, mtu akijaribu kuingia kwa simu mpya haruhusiwi kwa neno la siri pekee. Facebook na Google humtaka pia namba ya muda inayotumwa kwa ujumbe mfupi au kutolewa na programu maalumu, na WhatsApp humtaka namba ya siri ya tarakimu sita uliyoiweka mwenyewe. Ni sawa na mlango wenye kitasa na komeo. Kila mfanyabiashara mwenye ukurasa anashauriwa kuwasha utaratibu huo leo, bila kungoja kesho.

Lakini komeo halifai kitu ukilifungua mwenyewe. Matapeli wanalijua, ndiyo maana kurasa zao bandia siku hizi, baada ya kukuuliza neno la siri, hukuuliza na namba hiyo ya muda. Wengine hupiga simu wakijiita wafanyakazi wa kampuni ya simu, au hutuma ujumbe kwa akaunti ya rafiki yako waliyokwisha kuiteka: "Samahani, nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nisaidie kuisoma." Ukiisoma, WhatsApp yako imeondoka.

Watanzania wameuzoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wanaucheka. Ujumbe wa kuomba namba ya tarakimu sita ni ndugu yake wa damu. Namba inayokuja katika simu yako ni yako peke yako. Hakuna ofisa, rafiki wala fundi mwenye haki ya kuiuliza.

Ukishanaswa, ufanye nini?

Aliyegundua kuwa ameandika neno lake la siri mahali pasipofaa asione aibu wala asikae kimya. Dakika za mwanzo zina thamani kubwa.

Kwanza, abadili neno la siri la barua pepe, kisha la Facebook, na achague kuondoa vifaa vyote vilivyoingia katika akaunti. Kama tapeli amekwisha kumfungia nje, afungue anuani ya facebook.com/hacked na kufuata maelekezo. Kwa Instagram ipo instagram.com/hacked. Ajihadhari na watu wanaojitangaza mitandaoni kuwa wanarudisha akaunti kwa malipo. Wengi wao ni matapeli wa mzunguko wa pili.

Pili, awapigie simu wateja wake wakubwa na kuweka taarifa katika makundi ya WhatsApp: ukurasa umetekwa, asitumiwe mtu fedha. Hatua hii mara nyingi husahaulika, wakati ndiyo inayookoa fedha za watu na jina la biashara.

Tatu, kama alitoa namba ya siri ya huduma ya fedha au fedha zimekwisha kutumwa, apige mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wake kwa namba 100 na kueleza.

Nne, atunze ushahidi. Barua, ujumbe na namba za matapeli visifutwe, vipigwe picha. Ujumbe wa kitapeli wa simu utumwe kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kisha afuate maelekezo ya kuitaja namba iliyoutuma. Baada ya hapo aende kituo cha polisi kufungua taarifa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kughushi na kulaghai kwa njia ya kompyuta pamoja na kujifanya mtu mwingine, na simu ya kiganjani imo katika maana ya sheria hiyo.

Mnunuzi na vikundi

Mnunuzi naye ana wajibu. Akiona muuzaji aliyemzoea amebadilisha namba ya malipo ghafla, au ameshusha bei kuliko soko, asitume fedha kabla ya kumpigia kwa namba ya zamani na kuisikia sauti yake. Unapotuma fedha kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuthibitisha. Lisome. Kama si jina la muuzaji wala la biashara yake, simama hapohapo.

Kwa vikundi, iwe vya akina mama wakulima wa mwani, vya wavuvi au vya kuweka na kukopa, tatizo ni kwamba ukurasa huwa mikononi mwa kijana mmoja anayejua simu. Akihama au akinaswa, kikundi kizima kinapoteza mlango. Ni vyema ukurasa uwe na wasimamizi wawili wanaoaminika, na uongozi unapobadilika, jina la aliyetoka liondolewe kama linavyoondolewa benki. Suala hilo liwe ajenda ya mkutano na liandikwe katika kumbukumbu, kwa sababu ukurasa ni mali ya kikundi kama ilivyo mizani au mashua.

Ni vizuri pia kila mfanyabiashara akawatangazia wateja wake mapema, kabla hayajatokea matatizo, kuwa namba yake ya malipo ni moja na kwamba haitabadilishwa kwa tangazo la mtandaoni pekee. Kauli hiyo haina gharama, na inamnyima tapeli nafasi hata kama amefanikiwa kuingia.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Mitandao ya kijamii imempunguzia mchuuzi wa Kigombe safari na kumwongezea wateja, na haitakuwa busara kuikimbia kwa sababu ya wezi. La muhimu ni kuuzoea mlango wako mwenyewe na kuutumia huo tu. Barua ikija na linki yake, iache ilivyo, fungua programu yako na uendelee na biashara.